Ukurasa Uliokunjwa Mkebeni

Hivi wewe, ukihesabu kitu mara tatu, na mara zote tatu ukapata jibu ambalo wakubwa wote wanasema haliwezi kuwa, utafanyaje? Usijibu haraka. Kaa kwanza nikusimulie habari za msichana mmoja wa darasa la sita ambaye wenzake walimwita Ndiyo.

Jina hilo alilipata kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno la kukataa. Ukimwuliza kama ameelewa, ndiyo. Ukimwuliza kama ameshiba, ndiyo. Siku moja nesi alipokuja kukagua meno alimwuliza kama jino linauma, akasema ndiyo. Akamwuliza tena, au haliumi? Akasema ndiyo. Nesi alibaki ameshika kalamu, hajui aandike nini. Darasa lilicheka mpaka kengele ikalia.

Si kwamba mtoto huyu alikuwa mzito wa akili. Maswali yalimjia mengi tu, lakini yakifika kooni yalikwama pale, kama kidonge kilichomezwa bila maji.

Kila siku saa tatu kamili asubuhi, Ndiyo aliruhusiwa kutoka darasani peke yake. Alikwenda nyuma ya stoo ya shule, kwenye kiwanja kidogo kilichozungushiwa waya, penye kipimamvua. Ngoja nikieleze, maana wengi wanakipita tu wakidhani ni ndoo ya mtu. Ni mkebe mrefu wa bati, mdomoni una faneli kama ile ya kumiminia mafuta ya taa, na ndani yake imo chupa. Mvua ikinyesha, maji yanaingia kwenye faneli yanatulia chupani. Asubuhi unayamimina kwenye gilasi nyembamba yenye mistari, unachuchumaa mpaka jicho lilingane na maji, unasoma ni milimita ngapi. Kisha unaandika kwenye daftari gumu.

Kazi hiyo aliirithi kwa mzee mmoja aliyekuwa mlinzi wa shule, ambaye watoto walimwita Babu Chupa. Mzee alipima mvua miaka ishirini na saba, akaacha pale macho yalipokataa kuona mistari ya gilasi. Akamchagua Ndiyo kwa sababu mkono wake hautetemeki. Alimwachia na mtindo wake mmoja: kila siku mvua iliponyesha, hata kama ni ya kulowesha ukucha, mzee alichora mstari mmoja mfupi kwa kalamu nyekundu pembeni mwa ukurasa. Hakumweleza mistari hiyo ni ya nini. Alisema tu, "Usiiruke hata siku moja, mjukuu." Naye Ndiyo akasema ndiyo.

Kazi ile aliipenda kuliko mchezo wowote. Na ndiyo maana jambo lililotokea Jumatatu moja lilimkosesha raha.

Mwalimu wa Jiografia alitangaza kwamba Alhamisi wangekuja wazazi pamoja na bibi shamba, yaani yule afisa wa kilimo, kupanga mashamba yasaidiwe vipi. Bibi shamba angetazama daftari la mvua. Mwalimu akaeleza kwamba hali ya hewa ya dunia inabadilika, na dalili ziko wazi hata hapa kwetu: visima vinakauka mapema, maharage yananyauka, mvua imepungua. Akamwomba Ndiyo ajumlishe milimita za msimu uliokwisha na alinganishe na daftari la kwanza kabisa la Babu Chupa, ili watu waone ilivyopungua.

Mchana ule Ndiyo akakaa na madaftari mawili. Msimu wa kwanza wa Babu Chupa ulikuwa na milimita mia sita na kumi na moja. Msimu wake yeye, mia tano tisini na nane.

Akajumlisha tena. Mia tano tisini na nane. Akaanzia chini kwenda juu. Ile ile.

Sasa hapo kichwa kikamzunguka. Tofauti ni milimita kumi na tatu tu, maji ya kulowesha kidole. Mbona kisima kilikuwa kimekauka? Mbona shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye, kila jioni alirudi shambani akilalamika kwamba mvua imewatupa? Mwalimu alisema imepungua, shangazi alisema imepungua, hata fundi baiskeli wa njia panda alisema imepungua. Daftari peke yake ndilo lilisema haikupungua, na daftari liliandikwa na nani? Na yeye. Basi aliyekosea ni yeye. Labda hakuchuchumaa vizuri. Labda alimimina maji ya jana juu ya maji ya leo.

Alikwenda mpaka mlango wa ofisi ya walimu. Mwalimu alikuwa akisahihisha, akainua macho, akamwuliza kama hesabu imekaa vizuri. Swali lilikuwa tayari mdomoni. Likakwama. Akasema ndiyo, akarudi.

Alihofu kwamba wakigundua hajui kupima, atanyang'anywa kipimamvua. Kwa hiyo Jumatano, baada ya vipindi, alifanya jambo ambalo mwenyewe aliliita kusahihisha. Alikata kwa wembe ule ukurasa wa daftari wenye vipimo vya msimu wote, polepole, ukingoni kabisa. Akanakili kila kitu kwenye ukurasa mpya kwa mwandiko mzuri, na mistari myekundu yote ishirini na mitatu akaichora. Lakini alipozifikia zile mvua kubwa tano, alipunguza hamsini kwenye kila moja. Tisini na moja ikawa arobaini na moja. Themanini na nne ikawa thelathini na nne. Jumla mpya ikatoka mia tatu arobaini na nane, namba ambayo kila mtu angeikubali.

Ule ukurasa wa kwanza alitaka kuutupa jalalani. Mkono ukakataa. Akaukunja mara nne, akautia kwenye mkebe wake wa jometri, chini ya bikari.

Alhamisi darasa la sita lilijaa watu wazima waliokaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Wanafunzi walisimama ukutani. Bibi shamba alikuwa mama mfupi mwenye viatu vya mpira, mpole wa sauti. Alisoma daftari la zamani, akasoma jipya, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akasema mvua imeshuka karibu nusu, kwa hiyo ataandika ombi la mbegu za mtama unaostahimili ukame. Kuhusu ile mitaro ya kukinga maji ambayo watu wa mteremkoni waliiomba, alisema hataiweka kwenye ombi. Vijana wachimbe siku kumi wakinge maji gani, wakati maji yenyewe hayapo?

Shangazi yake Ndiyo akanyanyuka kwa shida kutoka kwenye dawati lililombana. Shamba lake lilikuwa mteremkoni, ndilo lililowalisha yeye na Ndiyo. Akasema habishani na daftari, yeye si msomi. Ila alitaka kuelezwa jambo moja.

"Kama mvua yenyewe ni haba hivyo, nani amebeba udongo wangu? Zamani nilikuwa nachimba jembe likizama lote. Sasa nikichimba nagonga mwamba. Udongo umekwenda na miguu yake?"

Watu walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mwingine akasema hata daraja la miti lilisombwa. Mwingine akasema sasa hilo, lilisombwa na ukame? Bibi shamba akafungua daftari tena, akakunja uso. Mwalimu akaja kuchungulia begani kwake. Ndiyo alikuwa ameegemea ukuta. Alikuwa amelirekebisha daftari ili mambo yaeleweke, na sasa hakuna aliyekuwa akielewa chochote.

Babu Chupa alikaa dawati la mbele, mikono juu ya fimbo. Akaomba asomewe kipimo cha siku ukuta wa stoo ya shule ulipoangushwa na mvua msimu ule. Mwalimu akatafuta tarehe, akasoma: arobaini na moja.

Mzee akagonga fimbo sakafuni. Kisha akasema macho yake ni mabovu lakini masikio ni mazima, na siku ile alilala akisikiliza bati lake. Mvua ya arobaini na moja anaijua inavyolia. Ile haikuwa sauti yake.

"Soma tena, mjukuu," akasema, akigeukia upande wa ukutani, mahali alipokisia kwamba Ndiyo amesimama. "Soma wewe uliyepima."

Mwalimu akamnyooshea daftari. Ndiyo hakulipokea. Alifungua mkebe wake, vidole vikigongana na bikari, akatoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua juu ya dawati la mzee.

"Ni tisini na moja," akasema. "Nilibadilisha mimi. Nilipata namba kubwa kuliko mlivyosema, nikajua nimekosea."

Shangazi alishika kichwa. Aibu aliyoiona Ndiyo usoni mwa shangazi yake ilimwuma kuliko fimbo. Lakini bibi shamba hakumgombeza. Aliiweka ile karatasi kando ya daftari la zamani, akapitisha kidole kwenye namba, halafu kwenye mistari myekundu. Akaihesabu kwa sauti ya chini. Kwenye daftari la Babu Chupa, siku sitini na nne. Kwenye karatasi ya Ndiyo, siku ishirini na tatu.

Akaketi. Akaanza kueleza taratibu, na ninakueleza kama alivyoeleza. Maji ni karibu yale yale, alisema, lakini zamani yalikuja kidogo kidogo kwa siku sitini na nne, ardhi ikapata nafasi ya kuyanywa, kisima kikajaa kwa chini. Sasa yanamwagika kwa siku ishirini na tatu, na sehemu kubwa yake kwa siku tano tu. Ardhi haiwahi kumeza. Maji yanakimbia juu juu, yanabeba udongo, yanaangusha kuta, yanaondoka. Halafu linafuata jua la wiki nzima, na maharage yananyauka. Kwa hiyo mwenye kusema ukame amesema kweli, na mwenye kusema mafuriko naye amesema kweli. Akaongeza kwamba daftari moja la shule moja halitoshi kuthibitisha jambo la dunia nzima. Wataalamu wameweka pamoja maelfu ya vipimo vya joto na mvua, vya nchi kavu na vya baharini, na hivyo ndivyo vinavyoonyesha kwamba dunia inapata joto. Hewa yenye joto inafyonza maji mengi zaidi, na ikiyaachia, inayaachia kwa kishindo.

"Ningeondoka hapa nimewanyima mitaro," akasema. "Na mitaro ndiyo mnayoihitaji kwanza."

Mwalimu wa Jiografia ndiye aliyefunga mkutano. Alisema kosa la kwanza ni lake, maana alitangaza mvua imepungua kabla ya kufungua daftari. Kisha akamgeukia Ndiyo mbele ya wote, bila ukali.

"Umekosa, na unajua umekosa. Kipimo si cha kutufurahisha sisi. Ukiandika ulichokiona, hata kama ulikosea, tutakaa pamoja tutafute kosa. Ukiandika tunachotaka kusikia, hatutaliona kamwe, na watu watalima kwa uongo wako. Siku nyingine namba ikikushangaza, iache ilivyo, uje uniambie huelewi."

Hakumnyang'anya kipimamvua. Alimpa adhabu ya kwenda kwa Babu Chupa Jumamosi nne, amsomee madaftari yote ishirini na saba, wahesabu mistari myekundu mwaka kwa mwaka. Mzee alisikiliza kila namba amefumba macho, na mara nyingine alikumbuka siku yenyewe na nguo aliyovaa.

Mitaro ilichimbwa kabla ya msimu uliofuata, ikikata mteremko kwa ubavu, na kingo zake zikapandwa majani. Paa la shule likawekewa mifereji ya kupeleka maji kwenye tangi. Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja, Ndiyo alichuchumaa akasoma sabini na saba, akaandika sabini na saba. Jioni shangazi yake alimwita shambani, akamwonyesha mtaro uliojaa maji ya rangi ya matope, yametulia. Alikuwa bado na kinyongo kidogo, lakini alimpa jembe ajaribu. Likazama nusu.

Wiki ile Mwalimu alirudia somo la mabadiliko ya hali ya hewa. Alieleza kwamba watu wamechoma makaa ya mawe na mafuta kwa miaka mingi, viwandani na kwenye magari, na wamekata misitu mikubwa. Hewa inayotoka huko inajikusanya juu na kuizuia dunia isipoe, kama mtu aliyefunikwa blanketi mchana. Akachora viwanda ubaoni, akachora blanketi. Akasema nchi zinazochoma sana ndizo zilizochangia sana, na zinatakiwa kupunguza, na kila mahali watu wanajifunza kujikinga kama sisi na mitaro yetu. Akapangusa chaki mikononi, akauliza kama wameelewa.

Darasa zima likaitikia ndiyo.

Mkono mmoja ukapanda karibu na dirisha, ukashuka, ukapanda tena. Wenzake wakageuka, maana mkono ule hawakuwahi kuuona hewani.

"Hapana, Mwalimu," akasema Ndiyo. "Mimi sijaelewa. Kama wanaochoma zaidi wako mbali huko, kwa nini udongo unaobebwa ni wa shangazi yangu?"