Kapteni wa Ukoo wa Noronha

Kila asubuhi baba yake Lydia alikunywa chai akiwa amesimama, akafunga kamba za viatu, akatoka kwenda kazini kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Zamani alikuwa akinung'unika: basi limechelewa, mvua haiishi, bosi ana kelele. Tangu Babu Kaetano azikwe, alitoka kimya. Mama yake Lydia, Zipporah, alikuwa akirudi wakati huo kutoka zamu yake ya kutunza wazee. Wawili hao walipishana mlangoni kama wapangaji.

Lydia naye alioga, akala, akaenda shule. Hakulia siku ya mazishi, wala hakulia baadaye. Watu wa parokia walimsifu kuwa ni mtoto jasiri. Hapakuwa na ujasiri wowote. Moyo wake ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unajua upo, lakini ukiufinya husikii kitu.

Babu Kaetano alizaliwa Mombasa, akawa fundi cherehani huko kabla ya kuhamia Hayes, London. Wazee wake walitoka Goa, sehemu ya India iliyotawaliwa na Wareno kwa miaka mingi. Jina Noronha ni la Kireno, na Babu alipenda kujigamba, "Huko juu kabisa kwenye ukoo wetu yuko Mreno. Mtafuteni, mtamwona."

Sasa baba yake Lydia alitaka kumpa mzee wake heshima hiyo kaburini. Jamaa mmoja wa Goa aliingia katika kanisa la kijiji chao, akapiga picha za vitabu vya zamani vya ubatizo, akazituma kwa simu.

"Wewe una macho makali," baba alimwambia Lydia. "Nitafutie mtu wa kwanza kuitwa Noronha. Nataka aandikwe kwenye jiwe la kaburi la Babu."

Lydia alielewa Kiswahili vizuri, ingawa mara nyingi alijibu kwa Kiingereza. "Sawa," alisema, kwa kuwa neno hilo halikuwa na taabu.

Kazi yenyewe ilikuwa na taabu. Alianza kwa Babu, akapanda kwa baba yake Babu, akaendelea kupanda, mzazi baada ya mzazi. Maneno ya Kireno yaliyojirudia aliyatafutia maana kwenye kompyuta. Mwisho akamfikia Francisco, mtu wa kwanza kubatizwa kwa jina la Noronha.

Ukurasa wa Francisco ulikuwa umeliwa na wadudu. Mstari mmoja ulikuwa na jina Vitu, na baada yake neno asilolijua. Chini yake paliandikwa "padr", kisha doa kubwa la wino, kisha jina lililosomeka wazi: Kapteni António de Noronha.

Lydia akafikiri. Kanisani padri huitwa baba. Basi padri ni baba, na kapteni huyu ndiye baba yake Francisco. Mstari wa juu, wenye lile jina Vitu, aliuruka. Haukuwa na kapteni ndani yake.

Alipompa baba yake habari hiyo, baba alikuwa na mfuko begani. Akauteremsha polepole.

"Kapteni?"

"Ndiyo. Imeandikwa."

Baba akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Akampigia simu dada yake Mombasa, akapakua chakula mara mbili, akasimulia hadithi za Babu na cherehani yake mpaka mama akaacha kuosha vyombo, akaketi kumsikiliza. Kesho yake akampelekea mchonga mawe maneno ya kuandika.

Shuleni Lydia alimweleza rafiki yake Ushma, ambaye wazazi wake walikuwa Wahindi waliokulia Kisumu.

"Mreno? Na sura hiyo?" Ushma alisema. "Shangazi zangu wote wakikuona wanauliza wewe ni mtoto wa nani kati yao."

"Nina ushahidi."

"Hata mimi ni malkia. Ushahidi nimeusahau nyumbani."

Jumapili, baada ya misa, Lydia alimwonyesha picha ile Mama Miradie, mwalimu wake wa katekisimu. Mama Miradie alikuwa Mkongo, lakini aliishi Angola muda mrefu kabla ya kuja London, na Kireno alikijua. Lydia hakuwa na swali. Alitaka kusifiwa tu.

Mama Miradie akaikuza picha kwa vidole, akaisogeza karibu na macho.

"Nani amekuambia kapteni huyu ni baba yake?"

"Si wameandika padri?"

"Hapana, mtoto wangu. Hii ni *padrinho*, mkia wake umefichwa na wino. Ni baba wa ubatizo, yule msimamizi anayesimama na mtu kanisani. Kapteni alimsimamia Francisco, Francisco akapewa jina lake. Mimi mwenyewe nina watoto wa ubatizo huku na huku, na hakuna niliyemzaa."

"Basi baba yake ni nani?"

"Si huyu hapa juu? Vitu. Na neno hili linalomfuata, *gentio*, maana yake ni mtu asiyebatizwa. Alikuwa mwenyeji wa hapo hapo Goa." Akamrudishia simu. "Baba yako ameiona?"

"Bado," Lydia alidanganya.

Nyumbani alimkuta baba yake akipiga mluzi huku akikaanga samaki. Akasimama mlangoni pa jikoni, kisha akapitiliza chumbani kwake. Nani atajua? Mama Miradie haendi makaburini kwao. Babu mwenyewe angefurahi. Na baba akiusikia ukweli, atarudi kwenye chai yake ya kusimama. Akanyamaza siku ile, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Hakuona hata aibu. Ganzi ilikuwa imefunika kila kitu.

Alhamisi baba alirudi kutoka kazini akiwa na mchoro wa jiwe kwenye simu.

"Kesho anaanza kuchonga," alisema. "Hebu nisomee kwa sauti. Macho yangu yamechoka."

Lydia akasoma. "Kaetano Noronha, fundi cherehani wa Mombasa, wa uzao wa Kapteni..." Sauti ikakatika.

"Endelea."

"Si baba yake." Alisema kwa Kiswahili, asije akalazimika kurudia. "Kapteni si baba yake Francisco. Ni msimamizi wake wa ubatizo. Baba yake anaitwa Vitu, ni mtu wa Goa. Mama Miradie amenisomea."

Baba akavuta kiti, akaketi.

"Amekusomea lini?"

"Jumapili."

"Leo Alhamisi, Lydia."

"Najua."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Ulikuwa unacheka," Lydia alisema.

 Lydia alisubiri kufokewa. Baba alichukua simu, akamwomba mchonga mawe asubiri. Kisha akampigia dada yake Mombasa.

"Dada, yule kapteni mfute," alisema, na mara akaiweka simu mbali na sikio. Sauti ya shangazi ikajaa sebuleni: ameshawatangazia wanakwaya wote, na jirani wa ghorofa ya juu, sasa atapita wapi? Mama, aliyekuwa akijiandaa kwenda zamu, akaziba mdomo kwa kanga asicheke.

Simu ilipokatika, baba akamgeukia Lydia.

"Kulisoma neno vibaya si dhambi. Hata mimi ningekosea. Lakini uliuruka mstari kwa sababu haukukupendeza wewe, halafu ukaficha ukweli kwa sababu haungenipendeza mimi. Hapo ndipo ulipokosea. Jiwe halifutiki kwa raba. Watoto wako wangelisoma, wakaapa kwa uongo wako."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Na jambo jingine. Usinifurahishe kwa uongo. Nimefiwa na baba yangu. Niache nihuzunike."

 Kitu kilianza kumchoma Lydia kifuani, kama mguu unapoanza kuamka kutoka kwenye ganzi, na maumivu yake hayana mzaha. Akalia. Alilia kwa sauti, na pua ikamtiririka. Baba hakumnyamazisha. Mama akavua koti, akawapigia simu wenzake kazini, akasema atachelewa.

Alipotulia, baba alimsogezea kiti.

"Jina la Vitu wanaliandikaje? Lete ile picha tusome pamoja, mstari kwa mstari. Palipoliwa na wadudu, tutasema hatujui. Mtu mkweli haoni aibu kusema hajui, Lydia. Na huyo Vitu ni mzee wetu. Si lazima awe kapteni ndipo sisi tumtambue."