Chupa ya Leonidas

— Sema ni wako, Melania. Baba yako hatauliza.

Leonidas alinishikisha chupa ya dawa ya kikohozi, ndani mkojo bado wa moto. Mume wangu huyu alivuka Mto Kagera na jeshi, akarudi Nemba mzima, leo anaogopa zahanati ya kijiji kwa sababu mganga wake ni baba yangu.

— Nimpelekee baba mkojo wako, niseme wangu?

— Nikikojoa naungua. Usaha unatoka. Nitamvulia mkwe suruali?

Kwetu hata kula na mkwe ni shughuli, hilo nilijua. Lakini nilikuwa nimechoka. Wiki tatu tangu arudi analala kwenye mkeka, anasingizia malaria, mimi kitandani nikidhani hanitaki tena.

— Mwanamke gani?

— Huko vitani. Mara moja tu.

— Na imetosha.

Nililia. Kisha nikaimwaga chupa nyuma ya nyumba.

— Twende hospitali Biharamulo. Huko huna mkwe.

— Katibu wa kijiji akiuliza safari ya nini kabla ya kutupa kibali?

— Mwambie malaria. Umeizoea.

Hospitalini, nesi Deodata alimchukua usaha kwa kijiti cha pamba, akaupaka kwenye kioo ukapimwe. Kisha akanigeukia.

— Na wewe, mama, panda kitandani.

— Mimi siumwi.

— Wanawake wengi hawasikii chochote. Tangu arudi mmelala pamoja?

— Hata mguu hajanigusa.

Leonidas alisema akitazama sakafu:

— Ilianza njiani, kabla sijafika. Niliogopa kumwambukiza.

Sikujua nimchape au nimkumbatie. Wiki tatu nzima mtu ananilinda, na mdomo anao.

— Kwa nini hukusema?

— Ungeondoka.

— Ningekuleta hapa, Leonidas. Wiki tatu zilizopita.

Nikapanda, nami nikapimwa. Majibu yakatoka. Yeye kisonono, mimi salama. Akachomwa sindano.

— Arudi baada ya wiki tumpime tena, alisema Deodata. Kabla ya hapo, kila mtu alale kwake.

Siku ya tatu nikamkuta anakunja mkeka.

— Nimepona. Haiumi tena.

— Umepimwa?

— Bado.

Nikamkunjulia.

Siku ya saba aliamka kabla ya jogoo. Nilipomaliza kufunga kanga, alikuwa ameshaipita shule, anatembea kama anafukuzwa.

Jioni alirudi na karatasi ya hospitali, akanipa. Niliisoma mara mbili.

Mkeka ule sasa naanikia maharage.