Noti Iliyomshinda Njue

Jumamosi ile soko la Gakoromone mjini Meru lilikuwa limefurika, na kila kibanda kilipiga muziki wake kana kwamba kinagombana na jirani. Karwirwa, mwenye sketi ndefu ya samawati na haya ya kuzaliwa nayo, alikuwa amesimama mbele ya spika za Swaib, mwenye kibanda cha muziki.

"Ongeza besi kidogo," alisema kwa sauti ya chini. "Umeifunika, na ndiyo uzuri wote wa wimbo huu."

"Dada, huu watu wanaupendea maneno," Swaib alimjibu.

"Maneno ni ya kawaida tu."

Nyuma yake mtu aliangua kicheko. "Hayo maneno niliyahangaikia wiki tatu! Besi niliipiga dakika tano."

Karwirwa aligeuka akamwona kijana mrefu, koti la jinzi begani, viatu vyeupe visivyoguswa na tope la soko. Alimtambua kwa sauti. Alikuwa Munyi, mwimbaji wa "Nangoja Runyenjes", wimbo uliokuwa ukipigwa kila duka kutoka Embu mpaka Maua. Karwirwa alitamani ardhi immeze.

"Samahani. Sikujua ni wewe."

"Usiniombe samahani. Mtu wa Meru akiniomba samahani, najua kesho atanipiga."

Karwirwa alicheka, ingawa hakutaka. Munyi aliondoka pale na namba yake.

Miezi minne ilipita kwa simu. Karwirwa alikuwa hosteli ya chuo Nchiru, mwaka wa tatu wa masomo ya muziki. Munyi alikuwa studio mjini Embu.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula chapati na ndengu."

"Bila mimi? Na Mungu anakuona!"

"Mungu alinipakulia."

Ndipo mwalimu wao alipowapa kazi: kila mmoja achague kazi moja ya muziki wa kale wa Ulaya na wimbo mmoja wa vijana wa leo, avilinganishe mbele ya darasa. Karwirwa alichagua "Nangoja Runyenjes" kimya kimya, ili baadaye amshangaze mpenzi wake. Kando yake aliweka kazi ya kwaya yenye umri wa miaka karibu mia tatu. Alizungumza dakika ishirini. Alieleza midundo ilivyo mbalimbali, mmoja ukitembea kama maandamano ya kanisani, mwingine ukinengua kiuno. Alieleza mahadhi, upatanifu wa sauti, na jinsi ubeti unavyomrudia msikilizaji. Kisha akafika kwenye besi.

"Sikieni," alisema, akipiga kinanda. "Do, ti, la, so. Inashuka vilevile, katika nyimbo zote mbili."

Darasa zima likaguna kwa mshangao.

Mmoja wao alirekodi, akakata sekunde ishirini za hapo tu, akaziandikia: MUNYI MWIZI. Kabla ya saa kumi na moja jioni Embu yote ilikuwa nazo.

Simu ya Karwirwa ililia.

"Karwirwa, umenifanyia nini?"

"Munyi, nisikilize, mimi sikusema..."

"Hiyo besi ni ya marehemu baba! Aliitunga yeye, mwalimu wa kwaya Runyenjes miaka thelathini. Karatasi yenyewe iko nyumbani, na sahihi yake chini. Juzi tu nimelisema hilo redioni. Leo wananiuliza kama wizi ni wa ukoo!"

"Sikujua! Hukuwahi kuniambia habari za baba yako!"

"Nilikuwa nakuwekea siku ya kukupeleka nyumbani. Kumbe nilikuwa namwekea mtu wa kumfukua baba yangu amwite mwizi. Endelea na vitabu vyako."

"Munyi, umesikiliza yote niliyo..."

Alikata. Karwirwa alipompigia tena, alikuta ameizuia namba yake.

Kwanza alilia. Kisha machozi yakakauka, hasira ikaja kukaa mahali pake, na hiyo haikuwa na haraka ya kuondoka. Alifua shuka ambazo zilikuwa safi. Alizikamua mpaka Kinya, aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, akamwonya.

"Hizo shuka zimekukosea nini?"

"Ati mwanamuziki! Mwanamuziki gani asiyejua kusikiliza?"

Siku ya nne alipigiwa na namba asiyoijua.

"Wewe ndiye msichana uliyesema mume wangu ni mwizi?" Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima. "Mimi ni Cicily, mama Munyi. Namba yako nimeichukua kwa simu ya huyu bila yeye kujua. Kuja uniambie hayo maneno kwa uso."

Siku nyingine angejificha chini ya kitanda. Siku hiyo alisema, "Nakuja, mama," akavaa kardigani yake ya kijani, akaenda Runyenjes.

Aliwakuta sebuleni, Munyi amejikunyata kwenye kochi kama mtoto aliyenyimwa nyama, gitaa lake kando. Hakumsalimu. Karwirwa alimshika mama mkono kwa mikono miwili, akakaa.

"Haya, sema," alisema mama Cicily.

"Mama, sikumwita mtu mwizi. Nilisema noti nne zinafanana. Na zinafanana. Siwezi kusema hazifanani kwa sababu nampenda mtoto wako."

Munyi aliinua kichwa. "Unaona, mama? Mpaka hapa nyumbani!"

"Nyamaza." Mama alifungua kabati, akatoa karatasi ya manila iliyogeuka rangi ya chai, imejaa noti za solfa zilizoandikwa kwa mkono. Chini kulikuwa na sahihi iliyopigwa kwa madaha. "Munyi, baba yako alikuwa anasaini kila kitu alichonakili. Hata ratiba ya kufagia kanisa. Huu wimbo wa kwaya aliunakili kwa mwalimu mmoja wa Embu. Mimi nilikuwa naimba soprano kwenye kwaya yake, nilimwona akiandika."

Uso wa Munyi ulisawijika. "Kwa hivyo si wake."

Karwirwa alikuwa ameshaichukua karatasi. Kidole chake kilifuata mstari wa besi, kikasimama.

"Mama, hapa baada ya so pamebadilishwa. Kazi ya kale inashuka tena, fa, mi, chini kabisa. Hapa inageuka, inapanda la, ti. Nani alifanya hivi?"

Mama Cicily alianza kucheka mpaka akashika ubavu. "Si ni kwa sababu ya Njue! Tulikuwa na mwimba besi mmoja tu, yeye, na ile noti ya chini ilimshinda. Akifika pale anakohoa. Mzee wangu akaona aibu inakuja siku ya Pasaka, akaipandisha."

Karwirwa alitoa simu, akaiweka mezani mbele ya Munyi kwa kishindo. Kinya alikuwepo darasani siku ile, akarekodi somo zima. "Dakika ya kumi na saba. Leo utasikiliza."

Sauti ya Karwirwa yenye haya ilijaza sebule: *"...lakini sikieni inapofika hapa. Mzungu alishuka. Huyu anapanda. Aliyefikiria kupandisha hapa alikuwa na moyo mkubwa, na ndiyo maana wimbo huu unatuliza. Sehemu hii haiko popote kwenye kazi ya kale."*

Munyi alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Mara ya tatu alifunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika. Mama alisingizia chai, akaenda jikoni.

"Ulimsifu," alisema Munyi. "Bila kumjua."

"Nilimsifu, na wewe ukaniita mfukua makaburi."

"Nisamehe, mpenzi. Nimekukosea, na leo nitaenda redioni niseme hivyo."

"Bado nina hasira, Munyi. Usinishike mkono."

Munyi aliuondoa mkono wake. "Itaisha lini?"

"Sijui. Ni yangu, nitaimaliza nikitaka."

"Basi niambie nifanye nini. Nataka kukuoa, Karwirwa, na hasira yako pamoja."

Karwirwa alisimama, akafunga vifungo vya kardigani kimoja kimoja, na macho yake hayakumwacha Munyi.

"Kwetu ni Kiirua. Nyumba ya pili baada ya kituo, baba analima viazi. Uje na wazee wako." Alifika mlangoni, akageuka. "Na hilo gitaa uliache Embu. Safari hii unakuja kusikiliza."