Jibu la Rangi ya Zambarau

Tulieni, enyi wenye mioyo, na hata ninyi mliobaki na mafigo tu. Leo, kwa heshima zote na baada ya tafakuri ndefu, nawasilisha habari kuu ya mapenzi, ya chuma, na ya siri zilizofichwa ndani ya vitu tangu dunia kuumbwa.

Ilianza na doa kwenye koti.

Koti lilikuwa jeupe, la maabara. Doa lilikuwa la zambarau, kubwa kama kiganja, na lilikuwa limefuliwa mara tatu likagoma. Mahali ni duka la dobi mkabala na geti la chuo kikuu, Jumatatu asubuhi, saa ambayo mji mzima hugundua kwamba hauna shati. Watu kumi na mmoja wako kwenye foleni. Pasi tatu zinafuka mvuke, redio inaongea peke yake. Dobi mwenyewe ni kijana mrefu wa aproni ya bluu, mtu anayekunja shati kama anayemlaza mtoto. Pembeni anabandika namba mdogo wake wa kike, mwanafunzi wa shule ya bweni aliyerudi likizo, msichana mtiifu, mpole, mwenye sura ya malaika. Huyo hatuna haja naye sana.

Dobi akaweka pasi juu ya doa. Alipoiinua, doa halikuwepo.

Halikufutika taratibu. Rangi ilihama kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kama kundi la ndege linapogeuka angani. Dobi akatabasamu, akageuka kupokea pongezi. Koti likapoa, doa likarudi mahali pake.

"Mdogo wangu," akasema polepole, "umeona?"

"Nimeona, kaka."

"Basi siumwi."

Akapiga tena pasi. Likaenda. Likarudi. Mara ya tano foleni ilikuwa imeacha kunung'unika na imezunguka meza, na mzee mmoja amevua kofia. Ndipo sauti ikatoka nyuma.

"Samahani, hilo koti ni langu. Mnalifanyia nini?"

Alikuwa mfupi, amevaa gauni la kijani na viatu vya raba, miwani imeunganishwa kwa plasta, na kucha zake zilikuwa na zambarau ile ile.

"Dada, koti lako lina kitu," dobi akasema.

"Lina chuma."

"Chuma gani cha zambarau?"

"Changu. Kikipoa ni zambarau, kikipata joto kinakuwa cheupe."

"Na nani amekifundisha?"

Dada akacheka. Alikuwa mtafiti wa kemia pale ng'ambo ya barabara, na kwa miaka minne hakuna mtu wa nje ya maabara aliyemuuliza swali kuhusu unga wake wa chuma bila kuongeza: na utaolewa lini?

"Nitakuja kesho nikueleze. Leo una foleni."

"Foleni nayo inataka kujua," akasema yule mzee.

Alikuja kesho yake, na keshokutwa yake. Alimpeleka dobi uani, kwenye kamba ya kuanikia, akamwambia: "Chukulia kila shati ni chembe moja ya chuma. Kati ya shati na shati weka vibanio vitatu vinavyoyashika yote mawili. Hivyo ndivyo madaraja yangu. Chuma, daraja, chuma, daraja, mpaka upate mnyororo mrefu."

"Halafu?"

"Vuta shati moja."

Akavuta. Kamba nzima ikatikisika.

"Umeona? Chembe moja ya chuma ikipata joto, inavimba kidogo. Ikivimba inasukuma madaraja, madaraja yanamsukuma jirani, naye anavimba. Ndiyo maana rangi inageuka kwa pamoja."

"Inavimba kwa nini?"

Hapo alieleza kitu ambacho kila mtu aliyelala bwenini angekielewa. Ndani ya kila chembe kuna elektroni sita na vitanda vitano, vitatu chini na viwili juu. Kukiwa na baridi, zote sita hujibana chini, wawili wawili, migongo imegusana. Joto likija hakuna anayetaka kubanwa: wanatawanyika mpaka vitanda vya juu, na kimoja tu kinabaki na wawili. Bweni linapanuka. Mwanga unaopita unakuta chumba kingine kabisa, na rangi inakuwa nyingine.

Dobi aliyatazama mashati yake. "Mambo yote haya yanatokea," akasema, "na mimi nilikuwa nadhani ninanyoosha kola."

Tangu siku hiyo dobi akawa Fundi, naye dada akawa Bi Zambarau. Simu zikaanza.

"Fundi, unafanya nini?"

"Napiga pasi suruali ya hakimu. Ina uchovu kuliko mwenyewe. Na wewe, mpenzi?"

"Nimepata unga mpya. Huu unakumbuka."

"Unakumbuka nini?"

"Ukifika nyuzi arobaini na tano unakuwa mweupe. Ukipoa, haurudi. Unabaki mweupe mpaka uupeleke kwenye baridi ya friji, chini ya nyuzi nane. Chembe zinashikana sana, zinachelewa kwenda na zinachelewa kurudi. Sasa hapa katikati, kwenye joto la chumbani, unaweza kuwa zambarau au mweupe. Inategemea umetoka wapi."

Fundi akaiweka pasi pembeni.

"Yaani joto ni lile lile, unga ni ule ule, lakini huwezi kujua rangi mpaka ujue yaliyoupata?"

"Ndiyo."

"Bi Zambarau, hapo umenieleza mama yangu mzazi."

Miezi minne ikapita hivyo. Kisha ikamjia Bi Zambarau barua: chuo cha mbali, miaka miwili, mashine ambazo hapa hazipo. Ndege ni Alhamisi ya wiki iliyofuata. Dobi hakungoja. Alimwita uani, akasimama kati ya mashuka mawili yaliyolowa, akamuuliza kama atakubali awe mkewe, kabla ya ndege, baada ya ndege, au vyovyote ndege itakavyoruhusu.

"Nitakujibu kwa maandishi," akasema.

"Mimi nipo mbele yako."

"Najua. Ila nikifurahi sana naanza kuongelea halijoto. Niache niandike."

Akaandika, kwa brashi, kwa unga mpya, kwenye kadi nyeupe: NDIYO. JUMAPILI SAA NNE, KWA BABA. Herufi za zambarau kama wino wa mhuri. Alipofika dukani dobi alikuwa amepeleka nguo hotelini, basi akamkabidhi mdogo wake, ambaye alikuwa tena likizo, tena malaika. "Mpe kaka yako. Mwambie asiiweke penye joto."

Kilichofuata ni rahisi. Dobi aliitia bahasha kwenye mfuko wa shati bila kuifungua, akainamia pasi mchana kutwa, na kadi ya watu ikapauka humo mfukoni. Hivyo ndivyo ilivyotokea, na sioni haja ya uchunguzi zaidi.

Alipoifungua alikuta weupe juu ya weupe. Hakuna neno. Akaigeuza, akaitazama kwenye mwanga, akairudisha kwenye bahasha. Habari ya unga unaokumbuka aliijua vizuri, lakini mtu aliyekataliwa hafikirii kemia.

Jumapili, mpima ardhi mmoja mstaafu alivaa koti lake la pekee, akaazima viti vinne kwa jirani, akakaa kibarazani kuanzia saa nne hadi saa tisa. Mkwe hakutokea. Saa kumi binti yake, Bi Zambarau, akampigia Fundi simu.

"Kadi uliipata?"

"Niliipata."

"Ukaifungua?"

"Nikaifungua."

"Na huna la kusema?"

"Niseme nini? Ulichoniambia nimekiona."

"Sawa, Fundi."

"Sawa, dada."

Dada. Alikaa na simu mkononi kwa muda mrefu, akijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipoitwa hivyo na mtu huyu.

Jumatano alikuja kuchukua makoti yake. Alikuwa amevaa gauni la safari, la kijivu. Dobi alimfungia makoti vizuri kuliko alivyowahi kufunga chochote, kisha akaweka bahasha juu.

"Chukua na hii. Sina matumizi na karatasi tupu."

"Tupu?"

Akaitoa kadi. Hakuangalia kwa macho. Alipitisha kidole gumba juu yake, akauhisi unga. Akakaa juu ya rundo la mashuka ya watu.

"Fundi. Jirani yako ana friji ya barafu?"

Jirani ni mama muuza vinywaji. Alikuta wateja kumi na tano wa dobi wanaingia dukani kwake bila kununua kitu, wakiongozwa na mwanamke aliyefungua friji kubwa na kulaza kadi juu ya bonge la barafu.

"Mnaniharibia baridi," mama akasema.

"Dakika moja, mama."

Dakika ikapita. Kadi nyeupe, barafu nyeupe.

"Acha tu," dobi akasema chinichini.

"Subiri. Haijasahau joto bado."

Kisha pembeni kabisa, pale penye N, kikatokea kivuli. Kikakolea. Kikatembea. Herufi moja ikamwamsha jirani yake, ndani ya kila mstari mamilioni ya chembe yakijikunyata kwa pamoja, elektroni zikirudi wawili wawili kwenye vitanda vya chini, na hakuna mkono uliogusa chochote. Mama muuza vinywaji hakuongea tena habari ya baridi. Mtu mmoja akaanza kusoma kwa sauti, akaachia njiani. Neno zima lilipotimia, watu kumi na tano walikuwa wanapumua taratibu, kama walio chumbani kwa mtoto mchanga.

Dobi alikaa kwenye kreti ya soda.

"Jumapili imeshapita," akasema.

"Baba alivaa koti."

"Bado analo?"

"Analo. Ila yeye na koti wamekasirikiana."

Wakaenda saa hiyo hiyo, yeye na aproni yake, mdogo wake nyuma amebeba kadi. Mpima ardhi aliisoma mara mbili.

"Itabaki hivi?"

"Mpaka ipate joto kali, baba."

"Basi kijana, kaa mbali na jiko." Akaitazama aproni yake. "Koti lile linanibana kwapani, nililivaa kwa saa tano. Leo sivai. Kaa, tuongee."

Wakaongea. Ikakubalika: harusi ni likizo yake ya kwanza, mwakani. Wachumba wakashikana mikono chini ya meza, wakidhani meza inaficha.

Hadithi ingeishia hapo, na ingeishia vizuri, kama bibi harusi mtarajiwa asingekuwa mtu wa kupima vitu.

"Kuna jambo linanisumbua," akasema. "Mdogo wako ameniambia uliitia kadi mfukoni. Mwili wa mtu ni nyuzi thelathini na saba. Mfuko wa shati lenye jasho haufiki arobaini na tano. Ungepiga kelele kwanza."

"Mfuko gani?" dobi akauliza. "Mimi niliikuta mezani, imefungwa."

Macho matatu mazito ya watu wazima, yaani jozi tatu, yakamgeukia yule malaika.

Naomba maji.

Ni mimi. Ile habari ya mfuko niliitunga, na mengi ya haya nimeyapata kwa kusimama nyuma ya mashuka. Yaliyobaki nilisimuliwa baadaye, pamoja na ile simu ya unga unaokumbuka, ambayo laiti ningeisikia mapema. Niliifungua bahasha kwa mvuke kidogo, ukingoni tu. Nilisoma NDIYO, nikafurahi mpaka nikataka kumtania kaka. Nikapitisha pasi, nikijua itapoa na kurudi kama lile doa, naye atatokwa jasho kidogo tu. Haikurudi. Niliipuliza. Niliipepea kwa daftari. Nikaibandika bahasha, nikanyamaza siku sita, nikimtazama kaka yangu akipiga pasi shati moja mara mbili.

Niliyasema yote hayo nikiangalia sakafu, nikingoja hukumu. Kaka alifungua mdomo. Wifi yangu akamwekea mkono begani, akavuta kiti chake karibu na changu, na akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeomba siri:

"Ulipopiga pasi, ilianzia upande gani?"

"Kulia," nikasema. "Ilikimbia ikaenda. Nilikuwa peke yangu, wifi, na sikuwa na wa kumwambia."

Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Miaka minne," akasema. "Nami bado sijazoea kuiona."