Alama Nne, Alama Nane

Tik.

Halafu kimya. Halafu tena, polepole, kama mtu anayejua anachofanya na hana haraka... tik... tik.

Tabby alifungua macho gizani, na mkono wake ukamfikia mtoto kabla akili yake haijaamka. Mtoto alikuwapo, ana joto, anapumua. Theuri, mume wake, alikuwa amelala ameelekea ukuta. Sauti ilitoka juu ya kabati la vyombo, pale Tabby alipoiweka jioni ile darubini ya bunduki aliyotoka kuinunua. Ilikuwa ndani ya boksi lake. Boksi alikuwa amelifunga kwa mpira, mizunguko miwili.

Tik.

Lilikuwa lile gurudumu dogo la juu. Kila mlio ni hatua moja ya kusogeza shabaha, hivyo ndivyo alivyofundishwa dukani. Basi kulikuwa na mtu anayesogeza shabaha ndani ya chumba chao kimoja hapa Naro Moru, saa nane za usiku, na Tabby alijua ni nani, na alijua amemfuata nani, na badala ya kupiga kelele alivuta blanketi akamfunika mtoto wake wa miezi saba. Akaona haya.

Haya, ndiyo. Woga ulikuja baadaye.

Mambo yalianzia Nanyuki. Theuri ni askari wa shamba kubwa la viazi chini ya mlima. Kuwinda kulipigwa marufuku kabla hajazaliwa, lakini mwenye shamba ana kibali cha kuwapiga nguruwe mwitu wanaotoka msituni kuchimbua viazi vyake, na kila Jumamosi huwapanga askari wake walenge shabaha za mbao, na anayekosa mara tatu anapelekwa kufungua geti. Wiki hiyo Theuri alirudi nyumbani akasema darubini ya bunduki imekufa.

"Inaona ukungu tu," alisema bila kumtazama. "Enda Nanyuki kwa Fardowsa, ile duka ya vitu za wapanda mlima. Usinunue ile kubwa, hiyo ni ya kuringa. Chukua ya bei ya chini, lakini uijaribu jioni. Mchana zote ni nzuri."

"Mimi najua nini na mambo ya bunduki?"

"Uko na macho. Inatosha."

Basi akaenda na mtoto mgongoni, barua ya mwenye shamba na kopi ya laisensi zikiwa katikati ya kitabu cha kliniki ili zisikunjike, na alipofika jua lilikuwa linaingia na upepo wa mlimani umeanza kuuma masikio. Fardowsa, mama wa Kisomali mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimpangia darubini tatu juu ya meza ya kioo.

"Hii ni ya mzungu," alisema. "Hii ni ya mtu anataka aonekane mzungu. Na hii ya mwisho ni ya mtu ako na kazi."

Tabby akacheka. Alicheka, hilo analikumbuka.

Fardowsa alimwonyesha kila kitu kwa subira. Pulizia kioo pumzi; ukungu ukikaa nje utatoka, ukikaa ndani, iache. Sogeza jicho kidogo. Ule msalaba wa ndani ukitangatanga, iache. Zungusha gurudumu hatua nne mbele, nne nyuma. Msalaba usiporudi pale pale, hata ukipewa bure iache.

"Sasa njoo hapa mlangoni, uangalie barabara. Unaona alama ndogo kwa huo mstari wa kusimama? Ukivuta picha karibu mpaka mwisho, mtu mzima akijaza alama nne, ako mita mia nne. Akijaza nane, ni mia mbili. Vile anajaza zaidi, ndivyo amekaribia. Hata nguruwe ni hivyo, ni hesabu tu."

Tabby alichukua ile kubwa kwanza, kwa kuionja tu. Barabara ikamrukia jichoni. Mbuzi. Gunia la makaa. Na katikati ya barabara, amesimama wima, bibi kizee aliyevaa sweta ya kijani, amempa mgongo.

Akahesabu. Alama nne kamili.

Aliishusha. Barabarani kulikuwa na mbuzi na gunia la makaa tu.

"Nipe hiyo nyingine," alisema.

Kwenye ya pili bibi alikuwa pale pale katikati ya barabara. Alama tano.

"Mtoto anaitwa nani?" Fardowsa aliuliza nyuma yake, akimchezea mtoto vidole.

Tabby alikuwa ameshachukua ya tatu, ile ya bei ya chini, anaomba Mungu kosa liwe la kioo. Alama sita. Si kioo.

"Wamucii," alijibu.

Nyuma yake karatasi zikachakarika. Fardowsa alikuwa anachomoa barua. "Na mbona kitabu imeandikwa Warigia?"

"Hiyo... hiyo ni ya mtoto wa dada yangu. Nimebeba vibaya."

Ndani ya darubini, bibi akageuka.

Sweta ilikuwa na vifungo vya kijani na kimoja cheupe, cha tatu kutoka juu. Tabby alikijua kifungo hicho kwa sababu alikishona mwenyewe, alikitoa kwenye shati la Theuri, ndani ya mochari, siku walipomvalisha mama mkwe wake.

"Nachukua hii," alisema. Sauti haikuwa yake.

"Pete zenu za kufungia ni za inchi moja ama za milimita thelathini?"

"Ndiyo," Tabby akajibu, akalipa, akatoka.

*

Kwao mtoto wa kwanza wa kike hubeba jina la mama wa baba. Hakuna kuuliza, hakuna mkutano. Ndivyo mtu hubaki duniani hata akienda. Mama mkwe aliitwa Wamucii, na Tabby alipokuwa na mimba ya miezi minane, ana miaka ishirini na moja, miguu imevimba, Wamucii alisema mbele ya wamama wa kanisa wote waliokuja kumtembelea nyumbani kwake Ruring'u: "Hiyo mimba nitajua ni ya kijana yangu nikiona masikio." Wamama wakacheka. Theuri alikuwa pale, akatazama kikombe chake cha chai.

Tabby hakujibu. Alijibu hospitalini, siku nesi alipomuuliza jina. Akataja jina la mama yake mwenyewe, Warigia wa Kianyaga, akaangalia likiandikwa kwa kalamu, akasikia utamu kifuani kama mtu aliyelipiza. Alimpigia mama yake simu akamnong'oneza, nimekuzaa wewe, lakini usiseme bado. Nyumbani akasema Wamucii.

Na angeungama, anajiambia angeungama, lakini miezi mitatu baadaye mama mkwe, ugonjwa wa sukari umemmaliza, alikuja akiwa ameshikwa mkono, akaomba msamaha kwa yale maneno ya masikio. Akaomba ampakate mtoto. Akamtemea mate kidogo kifuani ya kumbariki, mate yenye harufu ya ugoro, akasema, "Sasa naweza kwenda. Nimebaki hapa." Tabby alisimama mlangoni na kitambaa cha nepi mkononi na hakusema kitu.

Wiki mbili baadaye wakamzika.

*

Pete hazikuingia. Theuri alijaribu usiku uleule wa kwanza. Bomba la darubini lilikuwa nene kuliko pete za shamba.

"Ulimwambia saizi gani?"

"Nilimwambia... sijui nilimwambia nini."

Hakumgombeza. Alisema fundi wa shamba ataleta zingine Jumamosi, akamwambia aiweke juu ya kabati. Kwa hiyo ikabaki nao humo ndani, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Na usiku wa kwanza na wa pili, saa nane... tik.

Usiku wa Jumatano, sauti ilipokoma, Tabby aliinuka. Usimlaumu. Kutojua aliko yule mtu kulikuwa kubaya kuliko kumwona. Mpira ulikuwa bado umefunga boksi, mizunguko miwili, lakini gurudumu lilikuwa limesogea. Aliliacha kwenye sifuri na sasa lilisoma kumi na moja. Akafungua pazia kidogo. Nje, ile taa ndefu ya mulika mwizi iliangaza njia mpaka kwa posho mili, kwenye kinu cha mahindi.

Alama nane.

Bibi alisimama chini ya taa, mikono mbele, viganja juu. Vile mtu hupokea mtoto.

Usiku wa Alhamisi, alama kumi na sita. Alijaza msalaba wote kutoka juu mpaka chini. Mita mia moja, kwenye geti la ploti, ua wa vyumba vyao vya kupanga. Midomo yake ilikuwa inatembea. Hakukuwa na sauti, lakini Tabby aliyasoma maneno, kwa sababu yalikuwa mawili tu, na yalirudiwa na kurudiwa.

Naitwa nani. Naitwa nani.

Mchana wa Ijumaa hakuweza kula. Alimfunga mtoto mgongoni hata akipika, hata akienda choo. Jirani yake Monicah akamtania, "Huyo mtoto utamgandisha na gundi. Nani anakuibia?" Tabby akacheka kicheko cha kuazima. Angemwambia nini? Kwamba alimdanganya mtu anayekufa, na sasa mtu huyo anakuja kudai, na kitu pekee anachoweza kudai kina meno mawili na kimelala mgongoni kwake?

Ijumaa usiku hakukuwa na tik.

Alingoja. Saa nane. Saa nane na nusu. Mbwa wa ploti alilia mara moja, sauti nyembamba, akanyamaza kama aliyeshikwa mdomo. Harufu ikaingia. Ugoro, na udongo uliolowa.

Akaichukua darubini, akaielekeza dirishani.

Kijani.

Fardowsa alimwambia darubini haioni cha karibu, huona ukungu tu. Lakini huu haukuwa ukungu. Aliona uzi. Aliona fundo kwa fundo la kufuma, na kifungo cheupe, na uzi mweusi aliokishonea kwa haraka akilia. Kilipanda, kikashuka. Kilikuwa kinapumua.

Na pazia lilikuwa bado limefungwa. Hakuwa amelifungua.

Tabby aliteleza mpaka sakafuni.

"Mama," alinong'ona. "Mama, nilikunyima jina. Ulipokuja kuniomba msamaha nilikuwa tayari nimekunyima. Ni mimi. Mtoto hajui kitu. Ni mimi."

Akaweka paji la uso sakafuni.

"Si wewe peke yako," sauti ikasema.

Ilikuwa ya Theuri. Alikuwa bado ameelekea ukuta, lakini hakuwa amelala, na pengine hakuwa amelala usiku hata mmoja.

"Darubini ya zamani haikuwa na shida," alisema. "Ni mimi nilikuwa nashindwa kuiangalia. Nikilenga nguruwe, namwona yeye hapo nyuma. Nilisema labda ni kioo. Nikakutuma."

"Ulikuwa unajua ako wapi?"

"Alianza na alama mbili."

Mita mia nane, Tabby alihesabu.

"Kabla afe, mama aliniambia nimsomee kitabu ya kliniki," Theuri akaendelea, polepole, kama anayetapika. "Macho yake yalikuwa yameisha. Nikafungua, nikaona Warigia. Nikasoma Wamucii. Akaniambia rudia, nataka kusikia tena. Nikarudia."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza na mdomo gani? Siku ya masikio nilikuwa hapo. Niliangalia chai."

Wakati huo mtoto akacheka.

Tabby aliwasha simu, akamulika kitanda. Mtoto alikuwa macho, amelala chali, anatazama juu, kwa mtu, si kwa dari. Vesti yake ilikuwa imefunguliwa. Kifuani palikuwa na unyevu mdogo, kama tone, na harufu ya ugoro ilikuwa nzito hapo kuliko mahali pengine pote. Baraka, au alama ya mwenye mali. Tabby hakujua. Mpaka leo hajui.

"Warigia," aliita kwa sauti ndogo.

Mtoto hakugeuka.

Akamsogelea. "Wamucii."

Mtoto akageuka mara moja, akamtazama usoni, akatulia. Harufu ikaanza kupungua, kidogo kidogo, kama mtu anayeondoka bila kuaga.

Theuri aliketi, akajifunika uso kwa viganja. "Basi ataitwa hivyo. Jumatatu nitaenda huko kwa usajili niulize vile inabadilishwa."

"Na mama yangu?"

Theuri aliendelea kujifunika uso.

"Anakuja Jumapili, Theuri. Amefuma kofia. Ameambia chama yake yote kwa siri, ati amezaliwa tena akiwa bado hai. Ananipigia kila siku anauliza, Warigia wangu amekula?"

"Mwache aite hivyo," Theuri alisema hatimaye. "Akija, tutamwitikia. Ni mzee. Atajua aje?"

Tabby aliyasikia maneno hayo yakianguka chumbani, akayatambua. Yalikuwa yake, aliyojiambia kimoyomoyo siku ile ya kitambaa cha nepi. Alitaka kukataa. Alifungua mdomo kabisa ili akatae. Lakini mtoto alikuwa ameanza tena kutazama juu, na shingo yake ndogo ilikuwa inafuata kitu kilichotoka mlangoni kurudi kitandani, na pale pale Tabby akajua kwamba kuna anayengoja kusikia atasema nini.

"Usimwambie mama yako," Theuri alisema. "Usiambie mtu."

Aliogopa kumwangalia mume wake. Akaliangalia giza lililokuwa juu ya kitanda, akamkumbatia mtoto kifuani.

"Sitamwambia," alisema, kwa sauti ya kutosha kusikika. "Sitamwambia mtu mwingine yeyote."