Picha ya Nahodha Shuaib

Kila Alhamisi akitoka madrasa, Nusra hufungua kasha la marehemu nyanya yake na kutandaza mkekani vitabu vya katuni anavyovikusanya kwa ajili ya majalada yake. Hadithi ni moja, lakini kila toleo huja na majalada mawili matatu, kila moja na mchoraji wake, na Nusra huyataka yote. Kaka yake Mahdi humcheka. "Nani anunuaye kanzu ile ile mara tatu kwa sababu ya vifungo?" humwuliza. Nusra huendelea kuyapanga, kwa kuwa mwenye wazimu wa kukusanya haponi kwa maneno.

Aliyemwelewa ni Alawiya, rafiki yake wa darasa moja. Matoleo mengine huja na jalada jeupe, tupu, ili mwenyewe amwagize mchoraji amchoree atakacho. Alawiya alipeleka lake kwa Bwana Nabhan, mchoraji wa mtaa wa Langoni, akamwomba amchore marehemu babake, Nahodha Shuaib, aliyekuwa akivusha abiria kwa mashua kwenda Ras Kitau. Bwana Nabhan alimjua tangu utotoni. Alimchora kwa kumbukumbu, anacheka, kofia imeenda upande. Nyumbani kwao Alawiya hakukuwa na picha yake nyingine ila ya kitambulisho, na humo hakucheka.

Alawiya alimwazima Nusra jalada hilo alipange pamoja na yake kwenye maonyesho ya shule. "Lichunge," alimwambia.

Lilinuka uvundo kidogo, na Nusra akaona haya kulipeleka mbele za watu. Siku hiyo mamake, Bi Maram, alikuwa akifukiza nguo za Ijumaa juu ya chetezo cha udi. Nguo zilipokwisha, Nusra alilitoa jalada katika mfuko wake wa nailoni, akaliweka juu ya kikapu cha kufukizia, akaongeza udi. Kwao kila kitu cha heshima hufukizwa, wala hakuwaza kwamba karatasi si kanga. Akaitwa jikoni. Aliporudi, udi wenye sukari ulikuwa umetokota na kurusha matone, na uso wa Nahodha Shuaib umekuwa doa la kahawia.

Kesho yake Alawiya alimwuliza kama ameshalipanga.

"Liko kwa Mwalimu Kemunto," Nusra akajibu. "Amelifungia kabatini hadi siku ya maonyesho."

Alawiya alitabasamu, na tabasamu lile lilimuuma Nusra kuliko kofi.

Alasiri alikimbilia kwa Bwana Nabhan, akamkuta barazani.

"Shikamoo, Bwana Nabhan. Naomba unichoree tena Nahodha Shuaib."

"Marahaba. Mato yamekwisha, mwanangu," akasema akijigusa macho. "Yeo hata wewe sikuoni, naisikia sauti tu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ile ndiyo picha yangu ya mwisho. Mwambie Alawiya aitunze."

Nusra alirudi nyumbani akilia, akamweleza mamake yote. Bi Maram alivaa buibui lake. "Twende kwao."

"Mama, ngoja kwanza."

"Ngojangoja huumiza matumbo."

Nusra alikiri mbele ya Alawiya, akampa jalada. Alawiya alilishika kwa mikono miwili, akamtafuta babake, akaona kofia tu.

"Nilimwuliza Mwalimu Kemunto," alisema polepole. "Hakujua nazungumzia nini. Nikadhani amelipoteza yeye, nikamchukia mchana kutwa."

"Nisamehe, Alawiya."

"Kuliunguza hukukusudia. Lakini uliniangalia usoni ukaniambia liko kabatini." Akaingia chumbani na jalada lake, wala hakutoka tena.

Jumatatu Alawiya alihamia dawati la mbele. Nusra hakupanga hata jalada moja kwenye maonyesho. Hakuwa na moyo huo.

"Atanisamehe, mama?" aliuliza jioni.

Bi Maram alikuwa akikunja nguo. "Sijui, mwanangu. Vingine vikiharibika havirudi, na picha ile hairudi. Lakini ungemwambia siku ile ile, mngelia pamoja. Ulipomdanganya, ulimwacha alie peke yake. Ukiharibu amana ya mtu, mwendee kabla hajakuuliza. Pengine hutapata kitu kwa kusema kweli, hata msamaha. Sema tu."

Asubuhi Nusra alimsubiri Alawiya mlangoni mwa darasa, akamtolea salamu. Alawiya aliitikia, maana salamu ni haki ya mtu, kisha akapita.