Njia ya Mipirani

Rafiki yangu Wening, niliyesoma naye chuo kimoja huko Java, hakuwa na pikipiki, tofauti na sisi wengine. Siku ya mwisho ya kukabidhi tasnifu, mvua ilimwagika tangu mchana na basi la chuo halikutokea. Ikambidi aazime baiskeli ya Pak Suroto, yaani Mzee Suroto, mlinzi wa bweni.

"We dada, unaendesha au unaogelea?" mzee alimtania.

"Ofisi inafungwa saa kumi na moja, Pak! Nikichelewa narudia mwaka!"

Tasnifu ikiwa kwenye mkoba mgongoni, akakata njia ya mipirani, katikati ya shamba la miti ya mpira. Chini ya miti ile giza lilikuwa limeshatanda. Katikati ya njia baiskeli ikawa nzito ghafla, na keria ikaanza kulia nyuma yake, kwii, kwii, kila alipokanyaga pedali. Kisha akasikia mtu akihema. Hakugeuka. Alikanyaga huku akilia mpaka ofisini, akaiegemeza baiskeli nje ukutani, akakimbilia ndani.

Tasnifu ilipokelewa. Alipotoka, mvua ilikuwa ingali ikiipiga baiskeli. Usukani na tandiko vimeloa chapachapa. Keria ilikuwa kavu kabisa.